Kuipima Meza ya Bwana Badawi

Mafundi waliomjengea tajiri Badawi jumba lake hawakuwahi kuonja hata maji yake. Sasa alitaka meza ya mninga ya watu kumi na wawili kwa chumba chake cha kulia.

"Ikitikisika hata kidogo," alimwonya seremala Chande, "utarudi nayo kwako."

"Basi tuipime, bwana. Meza ya chakula hupimwa kwa walaji. Viwiko, masinia, pilau ya moto."

"Niwaalike wageni wangu waje kuicheka?"

"Usijisumbue. Nitakuja na mafundi wenzangu."

Ijumaa walikuja kumi na wawili, wakala mpaka ukoko. Chande akaisukuma meza, ikatikisika.

"Bado," alisema kwa masikitiko.

Ijumaa ya pili ikatikisika tena. Badawi mwenyewe akauliza, "Labda pilau ni nyepesi? Nichinje mbuzi?"

"Mbuzi atatusaidia sana, bwana."

Ijumaa ya tatu mbuzi akaliwa, mafundi wakanawa. Chande aliinama chini ya meza, akakipachika mguuni kile kijipande cha mninga alichokikata mwenyewe siku ya kwanza na kukificha mfukoni. Meza ikatulia tuli.

"Nilijua!" Badawi akajigamba. "Ilikuwa inataka mbuzi tu."