Betri za Sekela na Nguzo ya Katundulu

Mcheka betri hugombana na nguzo. Methali hii mmeisikia leo, na sasa mnaniuliza nguzo ilimkosea mtu nini. Haya, acheni kuchekacheka. Siku mkipita Katundulu, itazameni nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba ya Mwakyoma. Ina mabonyeo usawa wa kifua, na si ng'ombe aliyeyatia. Neno hili lilizaliwa hapo.

Umeme ulipofika Katundulu, Mzee Anyosisye Mwakyoma alikuwa wa kwanza kuvutiwa waya. Redio yake ndogo ya betri aliwapa watoto waichokonoe, kisha akaenda Tukuyu kununua nyingine.

"Mzee, nikupe ya umeme mtupu au hii inayokula na betri?" muuza duka akamuuliza.

Mzee akaona ametukanwa. "Hivi unanionaje? Mimi nina nguzo mlangoni!"

Akarudi na redio kubwa kama kabati, haina hata tundu la betri moja.

Jirani yake alikuwa Sekela, mjane wa mdogo wake. Redio ya Sekela ilikuwa kuukuu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila asubuhi alizianika betri zake nne kwenye ungo ili zipate nguvu ya kuimba mchana. Mvua ya kule haina adabu: ikinyunyiza, Sekela anakimbiza ungo ndani, jua likichungulia, anautoa tena.

"Shemeji!" Mzee alizoea kumpigia kelele. "Mboga zako zimeiva? Usisahau chumvi!"

"Zikiiva nitakukaribisha, shemeji," Sekela alijibu, akiendelea kuzigeuza.

Sasa sikieni. Mzee alikuwa na mwana, Ambakisye, aliyekwenda machimboni akiwa kijana mdogo, baada ya baba yake kumwambia asikanyage tena pale nyumbani. Lilikuwa neno la hasira, na Mzee alilijutia kabla kijana hajafika barabarani, lakini hakumwita. Miaka sita ikapita, kimya. Wa saba ikaja barua: Ambakisye amerekodi salamu kwa sauti yake mwenyewe, zitarushwa redioni Jumamosi saa nane mchana. Baba asikilize.

Mzee alialika kijiji kizima. Alivaa koti, akapanga viti, akawachemshia watu ndizi na chai. Saa nane ilipogonga, mtangazaji akasema, "Tunaye Ambakisye Mwakyoma, ambaye anataka kumwambia baba yake..."

Pu! Kimya.

Mzee akaipiga redio kofi. Akaipiga la pili. Ng'ambo ya ua, Sekela alikuwa anaita kwa nguvu zote: "Shemeji, njoo! Betri zimeiva! Mwanao anaongea!"

Wageni wakakimbilia kwa Sekela na vikombe mkononi. Mzee naye aliinua mguu mmoja kuwafuata, ila akamsikia mtu mmoja akicheka. Mguu ukarudi.

"Mimi? Nikamsikilize mwanangu kwenye ungo?"

Akachukua fimbo yake, akaiendea nguzo.

"Wewe gogo!" Pwaa! "Usiku kucha unawaka watu wamelala! Leo mwanangu anafumbua mdomo, wewe unafumba wako! Nani kakutuma?" Pwaa! "Nijibu! Nimekukosea nini?"

Nguzo haikujibu. Vilivyojibu ni vigelegele kutoka kwa Sekela. Mzee akaitupa fimbo, akakimbia, koti likipepea. Alipoingia, redio ilikuwa imeshaanza muziki.

"Kasemaje?"

"Kasema lile neno amelisahau," Sekela akamwambia taratibu. "Anataka na wewe ulisahau. Krismasi anakuja, na mkewe."

"Na sauti yake?"

"Sauti yake imefanyaje?"

"Aliondoka inaanza kukwaruza. Sasa ikoje?"

Sekela akawatazama wenziwe. Walikuwa ishirini na zaidi mle ndani, wote wameisikia, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpa.

Ndipo umeme ukarudi. Redio kubwa ikaanza kuunguruma ng'ambo ya ua, peke yake, ikiviimbia viti vitupu.

"Sasa ndiyo unarudi!" Mzee alifoka, akageuka atoke tena. Sekela akamshika koti.

"Keti, shemeji. Mcheka betri hugombana na nguzo."

Akaketi.

Tangu Jumatatu yake, aliyekimbiza ule ungo mvua ikinyunyiza alikuwa Mzee Anyosisye mwenyewe. Siku moja kijana mmoja, mtundu kama ninyi, alipita akamuuliza, "Babu, mboga zimeiva?" Mzee hakucheka hata kidogo. Aliinua fimbo, ile ile iliyopasuka ncha, akaielekeza kwenye mabonyeo ya nguzo.

"Cheka tu," akasema. "Mcheka betri hugombana na nguzo."