Fedha Zilizoingiana

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba Sheikh Mundhir wa Halab alisafiri na sahibu yake Ghiyath hadi nchi ya Wajerumani, kumkomboa Muislamu aliyeshikwa mateka huko. Waumini walikuwa wamechanga fidia, nao wakaibadilisha njiani kwa fedha ya nchi ile: vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyogongwa chapa upande mmoja tu, nyuma vikabonyea.

Walipoikaribia ngome ya mwenye mateka, Sheikh alihesabu amana iliyokuwa mkobani, akaikuta imepungua. Mkoba ule ulikuwa umeshikwa na watu wawili tu, naye aliijua nafsi yake.

"Ghiyath," alisema mbele ya wasafiri wenzao wote, "fungua mzigo wako."

Ghiyath hakubisha. Akamwaga chini kila alichokuwa nacho: mkate mkavu, kanzu moja, na sanda yake. Sheikh akaikunjua hata sanda, akaikung'uta. Hakikudondoka kitu.

"Umezificha wapi?"

"Sikuchukua, Sheikh. Mola wangu anajua, nami namngojea Yeye."

Ilipoingia magharibi, Sheikh alisimama mbele kuswalisha. Ghiyath akasimama nyuma yake kama ilivyokuwa ada, akaitikia amina.

Kesho yake wakafika ngomeni. Mzee aliyepokea fidia alishika kipande kimoja, akapenyeza ukucha ukingoni. Kikawa viwili, kisha vitatu. Fedha zile zilikuwa zimeshindiliana mkobani, zikaingiana kama mabakuli. Hesabu ikatimia, mateka akafunguliwa.

Sheikh angeweza kuhimidi na kunyamaza. Lakini uso wake haukuinuka kwa haya. Akawakusanya wasafiri wale wale, akasema, "Jana niliikung'uta sanda ya mtu mwaminifu mbele yenu. Mwizi ni mimi, nimemwibia heshima yake."

Ghiyath akasema kwa upole, "Nilikusamehe jana, Sheikh."

"Jana, kabla sijalijua kosa langu?"

"Ningekungoja ulijue, ningeswali vipi nyuma yako?"

Adhuhuri ilipoingia Sheikh alirudi safu ya nyuma, akamwomba Ghiyath atangulie. Inasemwa kuwa Sheikh hakumswalisha Ghiyath tena mpaka umauti ulipomfika.

Ndugu zangu, Sheikh hakusema uongo, alihesabu alichokiona. Dhana ndiyo iliyomponza. Na msamaha haukumpunguzia haya, ulimzidishia. Tumwombe Mola atujaalie haya kama ile tungali hai, nasi tungali na wa kumwomba radhi.