Jina la Kwanza Kwenye Makala ya Mbingu

"Mbingu za mashariki na mbingu za magharibi zina joto lile lile. Lakini hata mwanga, mwenda mbio kuliko wote, haujapata muda wa kutoka huku ukafika kule. Sasa zilipatana lini?"

Hapo zamani, na asihesabu mtu miaka, Sekela aliuliza swali hilo darasani, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Profesa Rugaimukamu alikohoa, akaita mahudhurio. Wavulana wa nyuma wakambatiza jina: Bi Mbingu.

Bi Mbingu hakunyamaza. Alilibeba swali lake miaka kumi na mmoja. Wenzake walijenga, yeye akajaza ubao. Wenzake walipandishwa vyeo, yeye akajaza ubao. Akawa daktari wa fizikia, na bado wakampa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mwishowe akaandika mlinganyo wa namna ulimwengu mchanga ulivyokuwa mdogo, pande zake zikapatana joto, kisha ukatanuka ghafla.

Mlinganyo ulikuwa na ugonjwa. Ukiufuata, ulimwengu ulijikunja kabla nyota ya kwanza haijawaka. Danda, mhadhiri msaidizi, aliuona: mstari wa arobaini, alama ya kujumlisha mahali pa kutoa. Akamwambia Sekela. Akaambiwa akasahihishe mitihani. Akamwambia tena. Akaambiwa akasahihishe mitihani. Mara ya tatu akaambiwa sikio halipiti kichwa. Mwezi ukapita. Sekela akahesabu upya peke yake, akakuta kijana kasema kweli. Akafuta, akaandika alama ya kutoa kwa mkono wake, asimwambie mtu. Hilo nalo lisemwe, hata kama linauma.

Ulimwengu ukatanuka vizuri.

Chuo kikatangaza kwamba ambaye jina lake litatangulia kwenye makala ya mlinganyo huo ndiye atakayeongoza kituo kipya cha kuchunguza ulimwengu. Mkataba wa Sekela ulikuwa unaisha Juni. Akikikosa kiti hicho, safari imekwisha. Na desturi ya idara ilikuwa moja: mkubwa hutangulia. Profesa, ambaye hakujua hata mstari wa arobaini uko ukurasa gani, akajiandika wa kwanza.

Sekela aliingia ofisini bila kupiga hodi.

"Shikamoo, Profesa. Jina lako linafanya nini juu ya langu?"

"Marahaba. Miaka saba baraza la chuo lilitaka kulifuta somo hili. Walisema nchi haina maji, sisi tunahesabu nyota. Nani alisimama kulitetea? Nilinyimwa ukuu wa kitivo kwa ajili yako. Bila mimi, ubao ungeuona wapi?"

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilimchoma Sekela zaidi.

"Aliyelinda shamba hakulima," akasema. "Swali langu. Miaka yangu. Mlinganyo wangu."

Danda alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada, mlinganyo wako uliua nyota zote. Nilikuambia mara tatu. Aliyekosea apewe kiti, aliyeona kosa apewe mitihani?"

Sekela alikuja na hasira ya kumpa mtu mmoja. Sasa sehemu ya hasira hiyo ilikuwa imemgeukia mwenyewe.

Jarida la kuichapisha makala liliitaka saa kumi jioni. Saa tisa na nusu watatu hao walikuwa bado wamesimama, hakuna aliyerudi nyuma.

Msiseme wagawane. Kiti ni kimoja, na "wagawane" ni neno la watu wanaotaka mwanamke anyamaze. Je, jina la nani lilistahili kutangulia? Wewe uliyekaa hapo, simama, taja jina moja, na utupe sababu.