Mkalimani wa Foleni ya Macho

Ndugu zangu, leo msikae kwa kuegemea. Mfano huu umenichoma mimi kwanza kabla sijauleta kwenu, na sitaki niungue peke yangu.

Palikuwa na baba mmoja katika mji wa kiwanda cha sukari. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau, wakawa wanamwita Havana. Kisa? Ujanani alipelekwa Kuba kujifunza mitambo ya kusaga miwa. Kozi ilikuwa ya miaka miwili. Yeye alikaa miezi minne, akaugua kwa kupakumbuka nyumbani, akarudishwa. Na hiyo miezi minne yenyewe alilala bweni moja na wenzake wa huku huku, wakipiga soga kwa Kiswahili usiku na mchana. Kihispania alichorudi nacho kilikuwa salamu, asante, na namna ya kuomba mkate. Basi! Lakini aliposhuka kwenye gari watu wakamuuliza, "Lugha yao umeijua?" Akajibu, "Nainywa kama maji."

Mnacheka. Sawa, chekeni. Lilikuwa neno la furaha tu, la mtu aliyefika kwao. Lakini uongo ukishapewa kiti haunyanyuki kirahisi. Baba wa watu akaishi nao miaka thelathini. Akisikia kuna mgeni mjini, kwanza anauliza ametoka nchi gani, ndipo atie mguu nje. Wangapi hapa tunaheshimiwa kwa jambo ambalo tukilifikiria peke yetu tunatokwa jasho?

Havana alikuwa na binti wa miaka kumi na sita. Aligombana na mkuu wa shule, akamtoa mtoto, akatangaza atamsomesha mwenyewe nyumbani mpaka afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimtendee haki: hesabu alimfundisha vizuri, na kwa subira. Lakini mdomo, jamani! Misa ikiisha, pale nje ya kanisa, utamsikia: "Hesabu, historia, jiografia, na juu yake Kihispania. Shule gani itampa hayo?"

Binti naye alikuwa anasikia. Akamwuliza, "Baba, Kihispania tunaanza lini?"

"Mwakani. Lugha haikurupukiwi."

Mwakani ikafika, akauliza tena. "Basi baba, nianze mwenyewe, kidogo kidogo?"

"Mwenyewe? Utaharibu matamshi, halafu kazi ya kuyanyoosha iwe yangu!"

Mtoto hakuwa anatafuta sifa. Nyumbani mle alikuwamo bibi yake, mama mzazi wa Havana, ambaye macho yalikuwa yanamfunga. Kila mwaka walikuja madaktari wa macho pale zahanati ya misheni, watu wanaozungumza Kihispania, na mwaka uliopita, Havana akiwa amejitia safari, bibi alikataa katakata kupasuliwa. Alisema, "Siwezi kumpa jicho langu mtu asiyeweza kunieleza anakwenda kulifanya nini." Kwa hiyo binti alikuwa anaitafuta lugha ya kumweleza bibi.

Akaanza bila ruhusa. Pesa ya mwalimu hana, kitabu cha dukani hana. Ofisi ya parokia mtandao ulikuwa wa bure kwa vijana kila alasiri, basi akaenda na simu ya mama yake, akapakua masomo ya bure, akayasikiliza nyumbani huku anachambua mchele. Kabatini mwa parokia akakuta kitabu cha sala cha Kihispania, kilichoachwa na sista mmoja aliyehamishwa. Sala zenyewe ni zile zile anazozijua kwa moyo, kwa hiyo hakuhitaji kamusi. Anajua mstari huu unasema nini, anatazama tu wenzetu wanausemaje. Jioni anamwelezea bibi alichokipata, na bibi akawa darasa zima, maana haendi popote. Akakata maboksi ya sabuni vipande vipande, akaandika majina ya vitu, akabandika mlangoni, kwenye sufuria, kwenye kigoda.

Siku moja baba aliporudi akakuta nyumba nzima imeandikwa. Akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akalisoma neno la mlango, na hakujua kama ni sahihi au si sahihi. Ndugu zangu, mtu anaweza kuaibika akiwa peke yake, mbele ya kipande cha boksi. Akavibandua vyote.

"Umeandika makosa matupu!"

"Yapi, baba? Nionyeshe nirekebishe."

Baba akavikusanya vipande mkononi.

"Yote," akasema, akavitia jikoni, motoni.

Binti alikaa akatazama boksi likiungua. Baba alikula chakula chake siku ile bila kuinua uso.

Mwaka ule madaktari wakaja tena. Safari hii walikuwa wameajiri mkalimani, lakini akaugua homa njiani, akabaki huko huko, na daktari aliyefika pale, mama mmoja wa makamo, hakuwa na Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha. Watu wakaangaliana. Kisha foleni nzima ikapaza sauti kwa furaha: "Si Havana yupo!"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imechukua miaka thelathini kufika hapo. Angeweza kusema, "Jamani, nimesahau." Wangemcheka siku mbili. Badala yake alivaa koti, akaja, akakaa karibu na daktari. Daktari akisema, yeye anatikisa kichwa, kisha anamgeukia mgonjwa na kubuni. "Anasema utie matone asubuhi na jioni." "Anasema usile pilipili." Watu kumi na mmoja walipita hivyo, wote wakamshukuru. Wa kumi na mbili alikuwa mama yake.

Bibi aliletwa ameshikwa mkono na mjukuu. Daktari akamulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza. Akaweka taa chini. Akasema maneno mengi, polepole, kwa uso wa mtu anayeomba. Havana hakuelewa hata moja. Akamwinamia mama yake: "Anasema hali si mbaya, mama. Endelea na dawa, tuonane mwakani."

"Alhamdu, Mungu mwema," bibi akasema, akaanza kunyanyuka. Kwa vile mji ule ulikuwa wa watu wa dini zote, bibi alikuwa anashukuru kwa ndimi zote.

Havana akainua macho, akakutana na macho ya binti yake. Na hapo akajua kwamba mtoto ameelewa. Si nusu. Ameelewa lote. Alitamani ardhi ipasuke.

Mtoto hakupiga kelele. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, samahani, hapa kuna kelele. Huenda hukusikia vizuri. Umwulize tena?" Mnaona mlango aliofunguliwa? Mnaona upole huo? Lakini angeulizaje, na maneno ya kuuliza hana? Akabaki ameshika ukosi wa koti.

Basi binti akamgeukia daktari, akazungumza. Na kwa kuwa Kihispania chake alikitoa kwenye kitabu cha sala, alikisema kama anayesali: "Ee mama mwema, ninakusihi, uturudishie maneno yako, nasi tutakusikiliza." Daktari akashika mdomo kwa mshangao, akacheka, machozi yakamlengalenga. Akarudia yote. Binti akamweleza bibi: jicho la kulia limekwisha, la kushoto linaokolewa likipasuliwa kabla ya Ijumaa. Likisubiri mwakani, nalo linakwisha. Bibi akaketi tena. Akasema, "Sasa nimeelezwa. Apasue."

Kisha daktari akamwuliza binti jambo, binti akajibu kwa maneno machache, na daktari akamtazama Havana kwa heshima kubwa. Foleni nzima ikamgeukia Havana. "Wamesemaje? Tafsiri basi!"

Mkalimani huyo hapo, katikati ya watu. "Mwanangu," akasema, "wamesemaje? Mimi sijui. Sijawahi kujua."

Binti akainamisha kichwa. "Ameniuliza nani amenifundisha. Nimemwambia baba yangu ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa na miaka minne, kwa mkaa juu ya sakafu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Havana alilia pale pale, mtu mzima na koti lake. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza: "Mwambie daktari kuna wengine kumi na mmoja." Mchana ule akazunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu. "Hodi. Nilikudanganya. Dawa uliyopewa usiitie mpaka urudi zahanati, mwanangu akutafsirie." Mmoja alimcheka. Mmoja alimfungia mlango, naye akasimama nje, akarudia maneno yale yale kupitia dirishani mpaka alipojibiwa.

Sasa sisi. Mzazi uliye hapa, ni mara ngapi umembandulia mtoto maboksi yake, kwa sababu yalikuonyesha usichokijua? Alikuja na swali, ukampa ukali. Hukuwa na hasira, ndugu yangu. Ulikuwa na aibu, ukaivika koti la hasira.

Lakini siwezi kuwaelekezea ninyi kidole nikashuka zangu. Kazi yangu mimi ni hiyo hiyo ya Havana. Nakaa katikati, ninyi mnaniuliza Mungu amesemaje, nami natafsiri. Mwezi uliopita tulimzika mtoto. Mama yake alinishika kanzu pale makaburini, akaniuliza, "Padre, kwa nini?" Nikamjibu haraka haraka, "Ni mpango wa Mungu, mama." Akanyamaza, akaniachia. Nilikuwa sijasikia neno lolote kutoka kwa Mungu. Nilikuwa nimeona aibu kunyamaza mbele ya watu.

Mama, sikutaji jina, nawe najua umo humu ndani. Sijui kwa nini. Sikujua siku ile na leo sijui. Nilikudanganya, nisamehe. Misa ikiisha nitakuja nyumbani kwako, kama utanifungulia, na sitakueleza kitu.