Kamba Iliyotundikwa Ukutani

Wametusimulia waliopokea kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika kijiji kimoja cha mitende aliishi mcha Mungu aitwaye Ghanim pamoja na mkewe Rumaitha. Zama hizo wakulima waliikwea mitende wakisoma Bismillahi, na kijiji kizima kilinukia maua. Mtende jike hauzai vyema mpaka mtu aukwee na kuunyunyizia unga wa maua ya mtende dume. Ndivyo walivyofanya baba zao, na ndivyo walivyopata chakula cha mwaka.

Msimu mmoja, maua yalipochanua, Ghanim aliitundika ukutani kamba yake ya kukwelea.

"Mwaka huu namwachia Mola," alimwambia mkewe. "Anayewaruzuku ndege hatanisahau mimi."

"Ndege nao hutoka kiotani, mume wangu."

"Imani yako ni ndogo, Rumaitha."

"Huenda. Na ghala letu nalo ni dogo."

Ghanim akaenda zake msikitini, akashinda huko msimu mzima.

Mavuno yalipofika, mitende yake ilitoa tende chapwa zisizo na kokwa, hata mbuzi wakazisusa. Isipokuwa mtende mmoja tu, wa nyuma ya nyumba, ulioinama kwa vishada vinene vya rangi ya asali. Habari zikaenea. Watu wakaja kugusa shina lake na kuomba dua. Wakasema, "Haukuguswa na mkono wa mtu. Hii ni karama ya Ghanim." Naye aliinamisha kichwa, na moyoni akafurahi. Kisha majirani wakaanza, mmoja mmoja, kutundika kamba zao, wakiapa kwamba msimu ujao nao watamwachia Mola.

Hapo Rumaitha akamfunulia mumewe viganja vyake. Vilikuwa na makovu ya kamba.

"Ule mtende niliukwea mimi, wewe ulipokuwa msikitini. Mmoja tu, mingine ilinishinda. Nilinyamaza nikusitiri. Lakini wakiacha kukwea wote, mwakani watoto wa kijiji hiki watakula nini?"

Ijumaa ilipofika, Ghanim alikwenda msikitini. Baada ya sala akasimama mbele ya watu.

"Jamaa zangu, karama mliyoigusa ni jasho la mke wangu. Mimi nilikaa tu, nikasema kukaa huko ndiyo imani. Tungueni kamba zenu."

Jirani yake Shaddad akajikuna ndevu. "Yangu nimeshaikata, nimefungia mbuzi."

"Tutapokezana yangu," akasema Ghanim. "Ila kamwombe Rumaitha. Siku hizi ni yake."

Mwaka ule Ghanim na Rumaitha walikula kwa kupimiana. Msimu uliofuata, mume na mke walikwea kwa zamu, na ghala likajaa.

Mitende ile imekwisha kukauka, na waliokuwa wakiikwea wamelala chini ya mchanga wake. Tunawakumbuka kwa hamu, kwani kwao dua ilipanda juu pamoja na miguu. Ewe Mola, tujaalie tawakali yao, na utujaalie viganja vyao.