Fidia ya Binti Semkiwa

Nitoe nisitoe?
— Toa!
Ikiwa tamu?
— Tutameza.
Na ikiwa chungu?
— Tutameza hivyo hivyo.

Haya, kaeni vizuri. Na wewe pale, acha kumfinya mwenzako.

Hapo kale, kale ambayo bado ina moshi, palikuwa na mjane akiitwa Binti Semkiwa. Alikuwa na nyumba moja ya msonge, duara, imeezekwa nyasi mpaka chini. Alikuwa na mtoto mmoja, Mhina. Hakuwa na kingine.

Vikaja vita. Wazungu wa kwanza walikuwa wanaishika nchi. Wazungu wa pili wakaitaka. Sisi hatukuulizwa.

Mhina akachukuliwa na wazungu wa kwanza, akabebeshwa masanduku ya risasi. Akawatoroka. Akakamatwa na wazungu wa pili, akabebeshwa masanduku yale yale. Akawatoroka na hao. Tangu hapo hakujulikana alipo.

Siku moja askari wakapita kijijini. Asubuhi walipita wa wazungu wa kwanza, jioni wakapita wa wazungu wa pili. Wote weusi kama mimi, wote wamevaa kaki, wote wanatukana kwa Kiswahili. Binti Semkiwa alijificha kichakani, kifudifudi. Aliiona miguu tu, imezongwa vitambaa. Alipotoka, nyumba ilikuwa majivu.

Kaka yake akamwita ng'ambo ya mto. "Dada, njoo ukae kwangu."

"Siji. Mhina akirudi akakuta majivu na mimi sipo, atasema mama amekufa. Atageuka, na hatarudi tena."

"Basi jenga."

"Nijenge na nani? Vijana wote wako chini ya mizigo."

Mnaona alivyobanwa? Ilibidi pale pasimame nyumba kabla kijana hajafika. Naye mama, mgongo umeshapinda, hawezi hata kukata fito.

Vita vikaisha. Wazungu wa pili wakakaa kwenye viti vya wazungu wa kwanza. Ikapigwa mbiu: aliyeharibiwa mali na vita aende barazani kwa Akida Mbaruku, atalipwa fidia.

Binti Semkiwa akaenda.

"Nani alichoma nyumba yako?" akauliza Akida.

"Askari, Bwana Akida."

"Wa nani?"

Mama akafikiri. Hawa wa sasa watafurahi nikiwasingizia wenzao. "Wa wazungu wa kwanza."

"Hao wamekwenda zao. Wafuate wakulipe."

"Wako wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

Akarudi nyumbani. Akakaa na majivu yake. Akaenda tena.

"Nani alichoma nyumba yako?"

"Wa wazungu wa pili, Bwana Akida."

"Bibi, askari wetu hawachomi nyumba. Unaitukana serikali. Nenda kabla sijakasirika."

Akatoka kichwa kinamzunguka. Akakaa kwenye ngazi, asijue aende wapi. Hapo akaletwa mlevi mmoja, amefungwa kamba. Alikuwa ameteketeza ghala la jirani yake. Akida hakupoteza muda. Mlevi atafungwa. Ghala litajengwa na wafungwa, kwa miti ya msitu wa serikali, na mlevi mwenyewe atakuwa mbele.

Binti Semkiwa akayapima. Aliyeunguliwa hana hata fito. Aliyeunguza amepewa miti na mafundi. Akatikisa kichwa. Akaondoka. Kesho yake akarudi.

"Bibi, wewe tena? Nani alichoma nyumba yako?"

"Mimi."

Akida Mbaruku akainuka kitini. Mwaka mzima alikuwa anawauliza watu swali hilo, na hakuna aliyewahi kumjibu akaeleweka. Leo amepata mtu. Akafurahi, maskini.

"Umechoma nyumba wakati wa vita. Unajua ni kosa?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Utafungwa. Nyumba itajengwa pale pale ilipokuwa, na wewe utawapikia wafungwa mpaka iishe."

"Nimekosa, Bwana Akida," akasema mama, akainama, wasimwone anavyocheka.

Basi wafungwa wakaja, na miti ikaja, na unga wa serikali ukaja. Mama akapika, akala, akanenepa kidogo. Lakini kuta zilipoanza kupanda akaacha mwiko.

"Bwana msimamizi, nyumba yangu ilikuwa duara."

"Serikali haijengi duara. Hawa wanajua kujenga boma tu."

Ikasimama nyumba ya pembe nne, imepakwa chokaa, nyeupe pee, inaangalia barabara. Mama akafunguliwa. Akakaa mlangoni, akangoja.

Alasiri moja mtu akachomoza shambani kwenye mahindi. Akaiona nyumba. Akasimama. Kisha akageuka, akakimbia.

Mama aliujua ule mgongo. Akamfuata mbio, kanga inaburutika. "Mhina! Mhina!"

Mhina akazidi kukimbia. Wote waliowahi kumkamata walimwita kwa jina.

Mama pumzi zikamwishia. Akakaa chini njiani akalia kwa sauti, kama alivyomlilia baba yake Mhina. Kilio hicho Mhina alikijua. Akarudi, polepole.

"Mama. Nimeona boma nikajua wamekumaliza, sasa wamekaa wao."

"Ile ni nyumba yangu."

"Nani kakupa?"

"Nilifungwa."

"Ulifanya nini?"

"Nilichoma nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Yetu."

"Mama, ulichoma nyumba yetu?"

"Sikuichoma."

Mhina naye akakaa chini. Wakatazamana, wakashikana mikono, na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Furaha ilikuwepo, jamani, msidhani haikuwepo. Ila ilikuja imechanganyika.

Ndani ya ile nyumba Mhina hakulala. Alisema kuta zinamwita kwenda kubeba. Akakata miti, akajenga msonge nyuma yake, duara, nyasi mpaka chini, mama akahamia humo. Kaka yake mama akaleta mbuzi, wakafungiwa kwenye nyumba nyeupe.

Kila mkubwa aliyepita barabarani aliiona ile chokaa, akamwambia mwenzake kwamba kijiji hiki kimeshalipwa. Wengine walipokwenda barazani kudai, waliambiwa hivyo hivyo: mmeshalipwa, nendeni mkaangalie.

Wakaenda, wakaangalia. Dirishani alikuwa mbuzi, anatafuna.

Hapa ndipo nilipoiokota, na hapa ninaiacha. Mwenye nguvu na aibebe.
— Tumeibeba.
Basi msiniulize ina maana gani. Mimi mwenyewe nimebebeshwa tu.