Jina la Mkunga

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ambayo hakuiomba: kuwaelekeza watu. Aliitwa Nyamizi. Kijiji chake kilipoanza kilikuwa na nyumba nne tu, zimetawanyika porini, na wenyewe walikata njia nyingi kati yao ili moja ikijaa maji mtu apite nyingine. Siku hizo kuuliza kulikuwa rahisi. Kila mlango ulikuwa na namba, na Nyamizi alizijua zote. Uliyemtaka ulimtaja jina, naye akakutajia namba. Maana jina halimfikishi mtu mlangoni. Namba ndiyo inayofikisha. Majina tunayashika kwa sababu vichwa vyetu havishiki namba.

Kisha watu wakaja, wakajenga, wakajaa, na wote wakaendelea kumuuliza Nyamizi. Hodi akisonga ugali. Hodi akioga. Hodi hata siku aliyofiwa, watu wanampa pole kisha papo hapo wanataka kujua fulani kahamia wapi. Akachoka, akawaambia kwamba tangu siku ile atajua jambo moja tu: kila mtaa una mwenyekiti gani. Mwenyekiti awajue mabalozi wake, na kila balozi azijue nyumba zake kumi. Anayehama amwarifu balozi, basi. Hakuna tena mtu mmoja wa kubeba kijiji kizima kichwani.

Watu walinung'unika. Eti kuuliza watu watatu ni usumbufu! Waliokuwa wakimgongea akiwa bafuni ndio waliolalamika zaidi. Lakini utaratibu ulifanya kazi, na kijiji kikakua bila kumuua mtu kwa maswali.

Ikafika asubuhi ambayo Mbula, bintiye Nyamizi, alishikwa na uchungu. Nyamizi akamtuma mkwewe, Shija, akamwite Kalunde mkunga, akamwambia aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa wa Kalunde. Shija alikwishafika kwa Kalunde zamani kidogo, na namba ya mlango alikuwa nayo kichwani. Akampita mwenyekiti. Akampita balozi, tena balozi alikuwa barazani kwake na alimpungia mkono.

Kukumbuka si kosa, kunaokoa miguu. Lakini kumbukumbu huchacha kama uji wa jana, na Shija hakuionja kwanza. Nyumba ya Kalunde ilikuwa imeangushwa ukuta na mvua. Mwenyewe alikwishahamia ng'ambo ya kijito, na siku ile ile ya kuhama alimwarifu balozi. Shija akapiga hodi kwenye nyumba tupu. Akaita jina, akaita tena, kana kwamba jina lina miguu. Kisha, jamani, akakaa chini kusubiri, akidhani mama wa watu kaenda kisimani.

Nyumbani Nyamizi alimshika mwanawe mikono na kutazama njia. Njia zote zilikuwa wazi, na hakuna aliyekuja. Hasira ilimpanda mpaka akaogopa kwamba Mbula ataihisi viganjani mwake.

Jua lilipokuwa kali Shija akarudi kwa balozi, akajibiwa hata kabla hajamaliza kusalimia. Kalunde alipoingia, mtoto alikuwa ameshatoka, kimya. Kalunde akamfuta mdomo, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi. Mtoto akalia, kwa shida. Ndipo Nyamizi alipotoka nje, akamkuta mkwewe amejiinamia mlangoni, naye akasema neno moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa: "Jina ulikuwa nalo, baba, na njia ulikuwa nazo; kuuliza tu ndiko kulikokushinda."

Mtandao mnaoufungua kwenye simu zenu ulianza hivyo hivyo, kwa kompyuta chache zilizounganishwa, na orodha ya majina ikatunzwa mahali pamoja mpaka ikawalemea walioitunza. Leo ukiandika jina la tovuti, swali huenda kwa wa juu, huelekezwa kwa wa chini yake, mpaka kwa yule anayeijua namba. Hata mashine, jibu inalolikumbuka hulishika kwa muda tu, kisha huuliza upya, wala haioni haya. Na wewe, unayesema ndugu yako unamjua vizuri, mara ya mwisho ulimuuliza lini?